Lori Linalokunywa Oili

Meneja hakupiga hodi. Aliingia na dumu la oili mkononi, tupu, akalitua juu ya meza ya cherehani katikati ya kola za sare za shule, akasema, "Mpelekee mumeo. Mwambie mtoto wake amemaliza kunywa na bado analia."

Mshonaji alizivuta kola moja baada ya nyingine kabla hazijaloa. Mbili zilikuwa zimekwisha kupata doa. Alivumilia, kwa kuwa Meneja ni kaka yake mkubwa, na dumu lenyewe halikuwa la kwanza.

"Karibu kiti, kaka."

"Sikai. Nikikaa nitasema mengi." Akabaki amesimama, akasema mengi.

Aliitwa Meneja tangu siku alipokabidhiwa lori la baba yao. Hakupata kusimamia kitu kingine maishani, lakini lori moja kuukuu humpa mtu kazi ya ofisi nzima: asubuhi alitafuta mizigo ya matofali na saruji, mchana aliendesha, jioni alilalamika. Nyumba mbili zilikula kutokana na lori hilo, yake na ya Mzee, baba yao. Injini ilipokufa, kazi ya kuifufua alipewa shemeji, mume wa Mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Fundi aliifungua yote, akaipeleka kuchongwa, akaitia pistoni mpya na ringi mpya za kuzizunguka, akaifunga. Iliwaka mara ya kwanza tu ilipowashwa. Sasa, miezi michache baadaye, ilikuwa inakunywa oili kama mlevi wa mwisho wa mwezi, na nyuma yake inaacha moshi wa bluu ambao wenye nguo kwenye kamba waliutukana kila lilipopita.

"Injini iliyofunguliwa juzi haili oili," Meneja alisema. "Hata mimi nisiye fundi najua. Ringi mpya hazitoi moshi. Watu wanasema ringi mpya ziliuzwa, zikawekwa za kuokota."

"Watu gani?"

"Watu."

"Na hao watu walianza kusikia kwa nani, kaka?"

Meneja aligeukia mlango, akatazama barabara kana kwamba amemwona mtu anayemdai. Kisha akarudi. "Wahenga hawakukosea. Kikulacho ki nguoni mwako. Jumapili injini inafunguliwa uani kwa Baba, mbele yetu sote. Ringi zikionekana kuukuu, kazi inahamia kwa fundi mwingine, na mimi sitaficha kwa nini. Mumeo akitaka kusema mapema, aseme. Tutalimaliza kifamilia."

Neno hilo, kifamilia, lilimuuma Mshonaji kuliko yote. Katika ukoo wao, jambo likimalizwa kifamilia maana yake ni kwamba mmoja amekubali kubeba lawama na wengine wamekubali kutoisahau.

Meneja alipoondoka, Mshonaji alichukua chaki na kuisugua kwenye doa la kola, kama anavyofanya siku zote ili mafuta yanyonywe. Doa moja lilififia. Jingine lilikataa.

*

Gereji ya Fundi ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa mabati, chenye kivuli cha turubai na shimo la kuingilia chini ya magari. Mshonaji alipofika na chakula cha mchana, alikuta mteja mmoja akipakia giaboksi yake kwenye mkokoteni. Giaboksi ilikuwa bado imefunguka, imefunikwa gunia kama mgonjwa anayehamishwa wodi.

"Nitairudisha, Fundi," mteja alisema, huku anaifunga kamba. "Kuna ndugu yangu tu anataka kuitazama."

"Hakuna shida. Mwambie ndugu yako beringi ya nyuma nimeshaitoa, iko kwenye kopo hilo. Asiitafute."

Mteja alilichukua kopo bila kumtazama usoni. Mkokoteni ulipotoka, Fundi alinawa mikono kwa sabuni ya unga, polepole, kidole kwa kidole. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatumia kwa injini zaidi ya kwa watu. Mkewe hakuwahi kulalamika. Alijua anapendwa kwa namna cherehani yake isivyowahi kukosa mafuta.

Alimpa ujumbe wa Meneja, akiurudia wote isipokuwa ule wa kikulacho.

"Sawa," Fundi alisema. "Jumapili nitafungua. Lakini kabla ya kufungua nataka kujua. Mwombe kaka yako aniachie gari Alhamisi, nitalitazama."

"Mwombe mwenyewe."

"Kwa sasa nikimwomba mimi hata maji ya kunywa ataniuliza nayapeleka wapi."

Mshonaji alikwenda akaomba. Ndivyo maisha yake yalivyokuwa tangu aolewe. Fundi alikuwa na tabia ya kuwaogopa wakwe zake kwa heshima, hasa Mzee. Hakumtazama machoni, hakukaa kiti kimoja naye, na jambo lolote alilotaka kumwambia lilipita kwa mkewe, kama maji yanavyopita kwenye mpira. Mzee naye aliipenda adabu hiyo, akajisifia kwa wenzake kwamba amepata mkwe asiyejua kupayuka. Wote wawili walikuwa wakiheshimiana hivyo kwa miaka, bila kuongea.

*

Alhamisi Fundi aliutandika uvungu wa lori kwa maboksi yaliyopasuliwa, akaliacha liwake, likazimwa, likapoa. Kisha akayavuta maboksi na kuyakagua juani. Yalikuwa makavu.

"Haivuji," alimwambia mkewe, aliyekuwa amekuja kusaidia kwa sababu hakuweza kukaa nyumbani akingoja. "Oili isiyomwagika chini inaungua ndani. Na ndani ina njia mbili tu: inashuka kutoka juu kwenye vali, au inapanda kutoka chini kwenye ringi. Una kitambaa cheupe?"

Swali la kumuuliza mshonaji. Alitoa kwenye mkoba kipande cha poplini kilichobaki kwenye shati.

Fundi alimsimamisha nyuma ya lori, akamwonyesha jinsi ya kukitandaza kitambaa mbele ya bomba la moshi bila kuungua. Aliwasha injini baridi. "Vali zikiwa zinavuja, moshi mwingi hutoka sasa hivi, injini ikiamka tu, halafu unapungua," alipaza sauti. Moshi ulitoka kidogo, wa kawaida. Baadaye alilipeleka lori barabarani na mawe machache nyuma, mkewe kando yake, wakatafuta kilima kidogo. Lilipoanza kubeba uzito, kioo cha pembeni kilijaa bluu. Walisimama juu, Mshonaji akashuka na kitambaa, mumewe akakanyaga mafuta. Kitambaa kilirudi na madoa ya duara, ya kahawia, yanayotambaa taratibu kwenye nyuzi. Alijua doa la oili. Alikuwa amelisugua kwa chaki wiki ileile.

Fundi alifungua kifuniko cha kujazia oili wakati injini inazunguka. Pale palipopaswa kutulia, mvuke ulikuwa unapumua kwa mikupuo, puf, puf, puf.

"Ringi," alisema. Hakuonekana mwenye hofu, alionekana mwenye mawazo. "Lakini niliziweka kwa mkono wangu. Alama zote juu, mapengo nimeyapishanisha. Ringi hizi ni mpya na hazijakaa."

"Hazijakaa vipi?"

"Ukuta wa silinda ukitoka kuchongwa unakuwa na mikwaruzo midogo, inapishana kama msuko. Ile mikwaruzo ndiyo inayoisugua ringi mpaka ishikane na ukuta. Lakini haisugui bila nguvu. Gari lazima lipewe mzigo siku za mwanzo, lipande, lisukumwe, moto usukume ringi nje. Ukiliacha linaunguruma bure limesimama, oili inaungua pole pole ukutani, inajaza ile mikwaruzo, inafanya utando. Ukuta unakuwa kioo. Ringi inateleza tu maisha yake yote." Alifunga kifuniko. "Ndiyo maana nilikuambia siku ile. Ulimwambia Baba?"

Mshonaji alikuwa anakikunja kitambaa. Alikikunja mara ya pili, kisha mara ya tatu, mpaka kikawa kidogo mno kukunjika.

"Nilimwambia."

Fundi alitikisa kichwa, akaamini. Huo ndio ubaya wa kuwa na mume asiyekuwa na maneno mengi, hakuulizi mara mbili.

*

Hakuwa amemwambia.

Injini ya zamani ilikufa kwenye mlima wa hospitali, Mama akiwa amelazwa kwenye kiti cha mbele, kichwa chake kwenye mapaja ya binti yake, Mzee akiwa kwenye usukani. Sehemu iliyobaki walimbeba kwa mikono. Mama alifika akiwa hai, lakini hakukaa. Madaktari walisema ingekuwa vilevile hata kama lori lingefika. Mzee hakuwahi kuuliza wala kujibu juu ya hilo. Aliacha tu kulala. Baada ya mazishi, majirani walimsikia akitembea uani usiku na mchana, akiokota majani ambayo hayakuwapo.

Siku Fundi alipolirudisha lori, alimtuma mkewe na maneno kamili: mwambie Baba lisikae, lipakiwe tangu kesho, lipandishwe mlima, lisiachwe likiunguruma limesimama. Mshonaji alikwenda na maneno hayo mdomoni. Alimkuta Mzee ndani ya lori, uani, injini inaunguruma taratibu, kichwa kimeegemea mlango. Alikuwa amelala. Mikono yake, ambayo kwa wiki nyingi haikutulia, ilikuwa imetulia kwenye mapaja.

Alikaa kwenye kizingiti akamngojea. Mzee alipoamka alicheka kidogo, kwa aibu ya mtu mzima aliyekamatwa anasinzia.

"Naizoesha," alisema. "Injini mpya ni kama mtoto mchanga. Siku zetu, tajiri mwenye magari alituambia iache iungurume mwezi mzima kabla hujaipa mzigo. Nililea magari kabla mumeo hajazaliwa."

"Fundi anakusalimu, Baba," Mshonaji alisema. "Anasema hongera, na uitunze."

Basi Mzee akaitunza. Mwezi mzima kila asubuhi na kila alasiri aliiwasha akaketi ndani yake, akalala. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwamsha. Hata Meneja, ambaye mizigo ilikuwa inampita, aliona vibaya kudai gari kwa mzee aliyefiwa. Mwezi ulipokwisha akapewa funguo, na injini ikaanza kunywa.

*

Jumamosi jioni Fundi aliweka spana zake kwenye gunia, akazipanga kwa ukubwa. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, lakini mguu wake ulikuwa umesahau kukanyaga.

"Nimefikiri," Fundi alisema. "Kesho nitakuta kioo, nina hakika. Baba hakusikia nilivyomwambia kupitia kwako, au alisikia akaona yeye anajua zaidi. Ni haki yake. Siwezi kumwambia baba mkwe mbele ya watoto wake kwamba ameliua gari lake kwa mkono wake. Hasa gari lile."

"Sasa utasema nini?"

"Nitasema ringi zilikuwa bandia. Nilipunjwa dukani, sikuzikagua. Kosa langu."

"Kaka atasema ulizijua."

"Aseme."

"Na wateja?"

Fundi alichukua spana nyingine. Alikuwa ameona mkokoteni ule ukitoka na giaboksi, hakuhitaji kukumbushwa. Gereji hiyo aliijenga kwa jina lake tu. Mabati yalikuwa ya mkopo, shimo alilichimba mwenyewe, lakini watu walikuja kwa sababu walisema kazi ya Fundi haina kona. Jina likiondoka, vitabaki mabati na shimo.

Mshonaji alitaka kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Aliona mumewe anavyoifuta spana kubwa kwa upole, tayari ameshaamua kuaibika kwa heshima, akaona haya. Akakanyaga cherehani, ikapiga kelele, na kelele ile ikampa sababu ya kutozungumza.

*

Jumapili Meneja alikuja amevaa shati la kwendea mikutanoni. Mzee alikaa kwenye kigoda karibu na gurudumu la mbele, fimbo katikati ya magoti. Fundi aliwasalimu wote, akamsalimia Mzee mwisho na kwa kuinama zaidi, akaingia kazini.

Kufungua hedi, kile kichwa cha injini, si kazi ya kutazamwa. Ni nati baada ya nati, na mtazamaji huchoka kabla ya fundi. Lakini Meneja hakuchoka. Alisimama juu ya bega la shemeji yake, na kila kitu kilichotoka alikiuliza: hiki ni kipya? Hiki ulinunua wapi? Fundi alijibu yote kwa sauti ileile. Mara moja spana iliponyoka akajichubua kidole, Meneja akasema, "Pole, mtaalamu," na neno hilo mtaalamu likabaki hewani mpaka damu ilipokauka.

Hedi ilitoka. Fundi alimulika tochi ndani ya silinda ya kwanza, akazima.

"Nione," Mzee alisema.

Wakampisha. Aliinuka kwa fimbo, akainama juu ya injini, akaiwasha tochi mwenyewe. Akatazama silinda ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. Uso wake ulifunguka kwa furaha ambayo Mshonaji hakuwa ameiona tangu mazishi.

"Njoo uone hapa, Meneja," alisema. "Njoo ujione uso. Safi. Hakuna mkwaruzo hata mmoja. Hii ndiyo injini iliyolelewa. Mmetuambia injini mbovu, injini mbovu, kumbe inang'aa hivi?" Akamgeukia mkwe wake, akasema naye moja kwa moja, labda kwa mara ya kwanza mwaka huo. "Kazi nzuri, kijana wangu. Mimi nakutetea."

Fundi aliinamisha kichwa.

Pistoni zilitolewa. Meneja alizishika mwenyewe, akazigeuza, akasugua ringi kwa ukucha. Alama za kiwandani zilikuwa zinasomeka bado. Hakuna mtu angeziita za kuokota, hata aliyetaka sana.

"Zinaonekana mpya," Meneja alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa kitu. "Sawa. Ringi mpya, silinda safi. Sasa oili yetu inaliwa na nani? Na jini? Shemeji, sema wewe. Kosa la nani?"

Fundi alifuta mikono kwenye kitambaa. Kilikuwa kile cha poplini, chenye madoa. "Kosa," alisema, "ni..."

"Baba," Mshonaji alisema. "Kung'aa ndio ugonjwa."

Wote walimtazama. Alikuwa amesimama na bakuli la nati mikononi.

"Ukuta unatakiwa uwe na mikwaruzo, Baba. Imefutika kwa kuungurushwa bila kazi, ule mwezi. Fundi alijua. Siku ile alinituma nikwambie lisiachwe likiunguruma, lipakiwe, lipandishwe mlima. Nilikuja. Nikakuta umelala." Akalibana bakuli kifuani. "Ulikuwa umelala, Baba. Tangu Mama aondoke hukuwa umelala. Sikuweza kukuamsha nikuambie uzime. Nikakwambia anakusalimu tu."

Hakumtazama mumewe. Alisikia tu kitambaa kikiacha kufuta.

Meneja alifungua mdomo. "Kwa hiyo muda wote huu..."

"Na wewe ulikuwapo," Mshonaji alisema. "Ulikuwa unapita hapa kila siku, kaka. Ulimwamsha?"

Meneja aliufunga.

Mzee alikuwa bado ameshika tochi, inawaka mchana kweupe. Aliitazama silinda tena, ileile aliyokuwa akiisifia. Aliporudi kukaa kwenye kigoda alikaa kwa shida, kama mtu anayekitafuta kwa mgongo.

"Kwa hiyo nyote mlijua," alisema.

"Mimi sikujua," Meneja alisema upesi.

"Mkwe wangu alijua, akakutuma wewe. Wewe ulijua, ukaniachia nilale. Na leo hii huyu alikuwa anajitayarisha kusema kosa ni lake. Nimemwona. Mtu haanzi sentensi hivyo kama anataka kujitetea." Akaizima tochi. "Mmeniacha niue injini kwa sababu ya heshima. Heshima gani hii, wanangu? Hii ni heshima ya maiti. Maiti ndiye asiyeambiwa kitu."

Mshonaji alikuwa analia bila sauti, na bakuli lilikuwa limemzuia kujifuta.

"Mchelea mwana kulia, hulia yeye," Mzee alisema, sasa kwa sauti ya chini, akijisemea. "Mimi nimeichelea injini. Ninyi mmenichelea mimi. Haya. Tumelia wote." Akainuka, akaelekea mlangoni. Kabla ya kuingia ndani aligeuka. "Ringi nyingine nanunua mimi. Na wewe, Meneja, hao watu waliokuwa wakisema ziliuzwa, kesho uwapitie mmoja mmoja uwaambie walikosea. Unawajua."

*

Njiani kurudi nyumbani Fundi alibeba gunia la spana na hakusema kitu. Kwa kawaida kimya chake kilikuwa cha kukaa nacho vizuri. Hiki hakikuwa hicho.

"Nisamehe," Mshonaji alisema walipokaribia mlango.

"Nilikuuliza," Fundi alisema. "Ukaniambia ulimwambia." Akalitua gunia. "Ningebeba lawama, ningeibeba vizuri tu. Lakini ningeibeba nikimdhania Baba kiburi. Hilo ndilo linaloniuma. Ningemdhania hivyo mpaka mmoja wetu afe."

Mshonaji alijua ni kweli, akaenda kupakua chakula. Baada ya kula Fundi akaongeza, akiitazama sahani, "Na mimi ningeweza kwenda mwenyewe. Ni mwendo wa dakika chache tu. Miguu ninayo."

Usiku huo ugomvi wao haukuisha, ila uligawanywa, na mzigo uliogawanywa hubebeka.

*

Fundi alizikwangua upya kuta za silinda kwa jiwe la kunolea lililofungwa kwenye drili, akipandisha na kushusha mpaka mng'ao ukafa na mikwaruzo ikarudi, inapishana kama msuko. Akaweka ringi alizonunua Mzee. Gereji ilikuwa bado tupu kuliko zamani. Maneno hutoka mbio na hurudi kwa kuchechemea, na yule wa giaboksi hakurudi kabisa.

Lori lilipokuwa tayari, Fundi alioga, akavaa shati safi, akaenda mwenyewe kwa baba mkwe wake. Mshonaji alimfuata kwa nyuma kidogo. Alimwona anasimama mbele ya Mzee, anainua uso.

"Baba, leo sikutuma mtu. Naomba nikwambie mwenyewe. Lori lipakiwe matofali, lisizidi nusu. Lipandishwe mlima wa hospitali, gia ya tatu, mguu ukanyage usiogope. Lishuke kwa kuzuiwa na injini, lipande tena. Hivyo mpaka mchana. Na likisimama, lizimwe."

"Mlima ule?" Mzee aliuliza.

"Ule ndio mrefu, Baba."

Meneja alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua funguo. Mzee alimtangulia.

"Twende," alimwambia binti yake. "Chukua kitambaa chako."

Mshonaji alikata poplini mpya, nyeupe kabisa, akapanda. Alikaa kiti kilekile. Mzee aliendesha vizuri kama alivyoendesha siku zote, mabega chini, macho mbali. Walipoanza kupanda, matofali yalijikusanya nyuma, injini ikaanza kunguruma kwa sauti nzito, sauti ya kitu kinachofanya kazi. Kwenye kona, pale penye daraja dogo la mfereji, ndipo injini ile ya zamani ilipozima. Mshonaji aliliona daraja linakuja. Kisha akasikia injini inalegea. Mguu wa Mzee ulikuwa umeinuka wenyewe.

Mapaja ya Mshonaji yalikumbuka uzito wa kichwa cha Mama. Angeweza kunyamaza. Ni kitu alichokuwa anakijua vizuri.

"Kanyaga, Baba," alisema.

Mzee hakugeuka.

"Kanyaga."

Akakanyaga. Daraja lilipita chini yao kama daraja lolote.

Walipanda na kushuka, wakapanda na kushuka, na kila mara pale kwenye kona mguu ulisita kidogo zaidi kuliko inavyotakiwa, kisha ukakanyaga. Mara ya mwisho Mzee alisimamisha lori juu, upande wa pili wa lango la hospitali, akaweka jiwe kwenye gurudumu.

"Kaa hapa. Kanyaga nikikuambia," alisema. Akamnyang'anya kitambaa, akaenda nyuma mwenyewe.

Mshonaji alikanyaga. Kwenye kioo cha pembeni alimwona baba yake amekitandaza kitambaa mbele ya bomba, kwa mikono miwili. Alimwona anakitoa, anakitazama kwa muda mrefu. Kisha akalitazama lango la hospitali, mabega yake yakaanza kutikisika, akakiinua kitambaa akajifuta macho nacho.

Aliporudi hakukionyesha. Alikitia mfukoni, akaingia, akazima injini kama alivyoagizwa. Walikaa wakiangalia watu wanaoingia na kutoka langoni. Shavuni pa Mzee palibaki alama nyeusi kutoka jichoni mpaka kidevuni. Mshonaji alinyoosha mkono akaipangusa kwa kidole. Ilitoka mara moja, unga mtupu wa masizi, mkavu, bila tone la mafuta.